Uzoefu wa Karani na Uzee wa Kibarua

Zamani piko ilikuwa pambo la arusi. Bibi arusi alichorwa mikono na miguu, na wanaume wachache waliopenda kujipamba waliipaka katika ndevu ili sikukuu iwakute na sura njema. Siku hizi imepata matumizi mengine ambayo wazee wetu hawakuyawaza. Jirani yangu mmoja katika mji wa Dar es Salaam, mwashi mwenye umri wa miaka 56, huikoroga katika kisahani kila baada ya wiki mbili, akajipaka kichwa chote na masharubu, kisha akaketi uani kungoja ikauke. Haendi arusini. Aenda kutafuta kibarua.

Kisa cha piko hiyo alinieleza mwenyewe. Alfajiri moja alifika mbele ya lango la jengo lililokuwa likijengwa, akasimama pamoja na wanaume wengine wapatao 30, kila mmoja na mfuko wake wa vifaa. Nyapara akatoka. Alikuwa kijana wa kufaa kuwa mwanawe wa tatu, na adabu zake hazikuwa na kasoro. Alipomwona mwashi alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Mwashi akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Ndipo kijana akaanza kunyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe kule nyuma. Kidole kilipofika kwa mwashi kiliinuka, kikapita juu ya kichwa chake, kikatua kwa mwingine. Mwashi akauliza kama hakuonekana. Kijana akajibu kwa upole, "Nimekuona, mzee wangu. Wewe kapumzike. Kazi hizi waachie wanao." Jioni ya siku hiyo mwashi alinunua piko.

Neno moja lilitumika mara mbili katika asubuhi moja. Mara ya kwanza neno mzee lilikuwa heshima. Mara ya pili lilikuwa komeo la lango.

Nimeanza na kisa hiki kidogo kwa sababu mabishano juu ya kazi na umri hupotea upesi katika maneno makubwa. Hapa hapana neno kubwa. Pana lango, pana kidole, na pana mtu aliyeishika kazi yake zaidi ya miaka 30 ambaye hakuulizwa ajua nini. Hakupewa tofali alipange wala timazi aitumie. Alitazamwa nywele. Nasema kwamba kumhukumu fundi kwa nywele zake ni dhuluma. Kwamba dhuluma hii tumeivika vazi la adabu ili isituaibishe. Na kwamba sisi tunaosoma na kuandika twaifaidi kila siku. Haya matatu nitayatetea kadiri ya uwezo wangu, na anayeona nimekosa na anijibu.

Na tuwalinganishe watu wawili walioanza kazi mwaka mmoja wakiwa vijana. Mmoja aliingia ofisini kuwa karani. Wa pili aliingia kwenye ujenzi kuwa saidia fundi, akachota maji na kukoroga udongo hata akakabidhiwa mwiko wake mwenyewe. Karani alipotimiza mwaka wake wa kwanza, mwaka ule uliandikwa katika jalada. Wa pili ukaandikwa chini yake, na wa tatu, na wa kumi. Kwa miaka hiyo alipandishwa cheo, akaongezwa mshahara, akapewa wadogo wa kuwaongoza. Akistaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, kama ilivyo desturi ya utumishi wa umma wa Tanzania na wa Kenya, huandaliwa hafla ya kuagwa na hulipwa pensheni. Mwashi naye aliifanya miaka hiyohiyo, katika jua lilelile na katika nchi ileile. Lakini kila jioni alipolipwa ujira wake siku yake ilifutwa, na kila asubuhi alianza upya kama mtu asiyepata kufanya kazi kamwe. Miaka ya karani huitwa uzoefu. Miaka ya kibarua huitwa uzee. Wa kwanza hupanda ngazi kwa miaka yake, na wa pili huangushwa nayo.

Asili ya tofauti hii imo katika jina lenyewe. Neno kibarua ni barua iliyofanywa ndogo. Kibarua cha kwanza hakikuwa mtu, kilikuwa kipande cha karatasi alichopewa mfanya kazi wa kutwa ili akionyeshe wakati wa kulipwa. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika, na tangu hapo twamwita mtu kwa jina la cheti chake. Cheti kile kilikuwa na maana kwa siku chache tu. Hakikusema mwenye nacho alifanya nini mwaka uliopita wala atakula nini mwaka ujao. Kwa mnunuzi wa kazi huu ulikuwa uhuru mkubwa: alinunua nguvu ya leo bila ya kudaiwa jana wala kesho.

Bandari zetu ziliujua utaratibu huu vizuri. Mombasa na Dar es Salaam zilipakua na kupakia meli kwa mabega ya watu walioitwa meli inapokuja na kuachwa inapoondoka. Mwezi wa Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma kwa umoja, na mwezi wa Septemba mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo wao ukafuata njia ya reli kuelekea bara. Mwaka 1955 bandari ya Mombasa iligoma tena, na Tom Mboya alikuwa mmoja wa walioingia kutafuta suluhu. Katika miaka ile makuli wa Mombasa waliandikwa majina yao katika daftari, na hatua kwa hatua kazi ya kutwa bandarini ikapunguzwa, kazi ya kudumu ikaongezwa. Nayakumbusha haya kwa sababu moja tu. Husemwa kwamba mfanya kazi wa kutwa hawezi kuandikwa, kwamba asili ya kazi yake ni kusahauliwa. Bandari ilithibitisha zaidi ya miaka 60 iliyopita kwamba awezekana kuandikwa, ikiwa wakubwa wametaka au wamelazimishwa kutaka. Ujenzi wetu wa leo kwa sehemu kubwa ungali pale bandari ilipokuwa kabla ya daftari.

Sasa nizisikilize hoja za wanaolitetea lango, nami nitajitahidi kuzieleza kwa haki.

Hoja ya kwanza ni ya nguvu. Kazi ya mikono, husemwa, ni kazi ya misuli. Mfuko wa saruji una kilo 50, na shingo ya miaka 56 si shingo ya miaka 26. Sehemu ya hoja hii ni kweli, na asiyeukubali ukweli wa mpinzani wake hastahili kusikilizwa. Wapo watu ambao umri umewapunguzia nguvu, na kuwabebesha mzigo wasioumudu ni ukatili. Lakini hoja yathibitisha jambo dogo kuliko linalodaiwa. Yathibitisha kwamba wapo wasioweza kubeba. Haithibitishi kwamba kila mwenye mvi hawezi, wala kwamba kila asiye na mvi aweza. Dawa ya shaka ni kupima. Anayetaka mbebaji na atoe mzigo aone nani aubeba. Anayetaka mwashi na atoe matofali na kamba, kisha baada ya saa moja alete pima maji. Kupima namna hii hakugharimu kitu, na ajabu ni kwamba watu wanaopima mchanga, kokoto na nondo kwa uangalifu mkubwa humpima binadamu kwa kumtupia jicho.

Tena ujenzi si kubeba tu. Kona ya ukuta haisimami kwa misuli. Kujua kwa kutazama kwamba zege lina maji mengi, kusikia kwa mlio wa tofali kwamba halikuiva, kukisia plasta itakayotosha chumba bila ya kumwaga ziada, haya hukaa katika jicho na mkono, na hukaa humo baada ya miaka. Ukuta uliopinda hubomolewa, na saruji iliyokauka hairudi mfukoni. Tajiri anayehesabu ujira wa mwashi mzee na asihesabu hasara ya ukuta uliojengwa mara mbili hajui hesabu zake. Na hata huo mfuko wa kilo 50 haukuteremshwa kutoka mbinguni. Ni watu waliouamua uzito wake, na ni watu wanaoamua kwamba utapanda ghorofani begani badala ya kupanda kwa kapi na kamba. Mahali penye kapi, mtu wa miaka 60 hupandisha mizigo kutwa bila ya kuumia. Mara nyingi uzee tunaousema umo katika vifaa vyetu, lakini twautwika mwili wa mtu.

Liko jambo jingine katika hoja hii linalonikera zaidi. Mgongo uliochoka haukuchoka kwa uvivu. Ulichoka ukijenga nyumba tunazolala, shule tulizosoma na barabara tunazopita. Kuutumia mwili wa mtu kwa miaka 30, kisha kumkataa kwa kuwa umetumika, ni sawa na mtu aliyekunywa maji ya dafu akakilaumu kifuu kwa kuwa kitupu.

Hoja ya pili ni ya hatari. Mzee aweza kuanguka, husemwa, na damu yake itakuwa juu ya nani? Hoja hii ina sura ya huruma, lakini ukiitazama vyema ni huruma inayowapenda wengine na kuwasahau wengine. Jukwaa lisilofaa kukanyagwa na mtu wa miaka 56 halifai kukanyagwa na mtu wa miaka 26. Tofauti ni kwamba kijana halijui bado, naye hulikanyaga. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi tangu 2003, nayo humtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wote walio chini yake. Mwajiri anayeogopa ajali na akaze jukwaa. Kumfukuza mzee na kuliacha jukwaa likitikisika ni kumchagua tu atakayeanguka.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Nchi zetu zina vijana wengi wasio na kazi. Kwa nini mzee azuie nafasi? Mimi ni mwalimu wa vijana na hoja hii haiwezi kunipita bila ya kunigusa. Lakini na tuulize vijana wale waliochaguliwa langoni walipewa nini. Hawakupewa kazi, walipewa siku. Kesho watasimama palepale, na kidole kitaamua tena. Mzee hakuchukua nafasi yao, kwa kuwa nafasi hapakuwa nayo. Palikuwa na siku 12 zilizogawiwa watu 30. Tena tusidanganyane kwamba lango humchagua kijana kwa kumpenda. Humchagua kwa kuwa bado hajui ujira wa haki ni kiasi gani, na kwa kuwa hana ujuzi wa kumwambia nyapara kwamba nguzo haikuwekewa nondo za kutosha. Mzee ajua yote mawili, na pengine hiyo ndiyo hatia yake. Na kijana atakapojua yote mawili, atakuwa na mvi. Anayelipigania lango kwa jina la vijana awapigania kwa miaka 20 tu. Baada ya hapo lango litamgeukia yuleyule aliyelisifu.

Na mafundi hujifunza wapi? Chuo cha ufundi kina kazi yake, na Tanzania imefanya vema kuiunda mamlaka ya elimu ya ufundi kwa sheria ya 1994. Lakini walio wengi katika waashi wetu hawakupitia chuoni. Walijifunza kwa kusimama kando ya fundi. Ukimwondoa fundi ukamwacha mwanafunzi, umefunga shule. Twapenda kusema katika hotuba kwamba jungu kuu halikosi ukoko, na kwamba penye wazee haliharibiki neno. Ni methali njema, lakini zimegeuka kuwa maneno ya barazani. Asubuhi inayofuata twalitupa jungu pamoja na ukoko wake, kisha twashangaa kwamba majengo mapya yaanza kupasuka kabla ya kukaliwa.

Hoja ya nne haisemwi kama hoja, husemwa kama wema: mzee kapumzike, watoto watamtunza. Nauliza apumzike juu ya nini? Watoto wa kibarua aghalabu ni vibarua. Yule kijana aliyechaguliwa mahali pa mwashi ana mama na baba wake nyumbani, na ujira wa siku moja hauwezi kuwalisha wazee wawili, mke, na watoto wanaotaka madaftari. Kupumzika ni neno tamu kwa mwenye pensheni. Kwa asiyekuwa nayo ni jina jingine la njaa. Tena mtu si tumbo tu. Mwashi yule aliniambia kwamba siku anayorudi bila ya kazi hupita njia ya nyuma ya nyumba, ili wajukuu wasimwone akirudi na mwiko safi.

Pengine mtu atasema kwamba mambo haya yametengenezwa na sheria. Ni kweli kwamba sheria imesema, na imesema vizuri. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani dhidi ya ubaguzi katika ajira, uliopitishwa 1958, ulitaja rangi, jinsia, dini, siasa, taifa na asili ya mtu, lakini haukutaja umri. Ilipasa kungoja 1980 shirika hilo litoe pendekezo lake juu ya wafanya kazi wenye umri mkubwa. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 iliutaja umri waziwazi miongoni mwa mambo yasiyoruhusiwa kuwa sababu ya ubaguzi, ikamlinda hata mwombaji wa kazi, ikamtaka mwajiri ajitetee mara lalamiko linapoonyesha dalili ya kweli. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo iliuweka umri katika orodha yake. Sheria hizi zaacha nafasi kwa sifa ambayo kazi yenyewe yaihitaji hasa, na hiyo ni haki: hakuna anayedai asiyeona apewe usukani.

Lakini sheria ni kipofu anayehitaji kuongozwa na ushahidi, na langoni hakuna ushahidi. Karani aliyekataliwa kwa umri wake ana barua ya kukataliwa. Aweza kuichukua akaipeleka kwenye usuluhishi na uamuzi. Kibarua amekataliwa na kidole, na kidole hakiachi alama hewani. Atamshitaki nani? Nyapara ni wa mkandarasi mdogo, mkandarasi mdogo ni wa mkubwa, na mkubwa atasema hajapata kumwona. Na ni shahidi gani atakayesimama upande wake, ikiwa mashahidi ni wale 29 wanaotumaini kuchaguliwa kesho? Hivyo sheria iliyoandikwa kwa ajili ya wote humfaa mwenye karatasi, na humpita mbali yule ambaye jina lake ni karatasi.

Nje ya lango hali yake si njema zaidi. Apataye pensheni ya mfuko wa hifadhi ya jamii Tanzania ni lazima awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Kibarua amefanya kazi mara mbili ya hiyo, ila haikuandikwa. Halmashauri zetu zimetakiwa na sheria, tangu marekebisho ya 2018, zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Siwaonei wivu waliotajwa. Kila mmoja ana haki yake. Naonyesha tu kwamba mwanamume wa miaka 56 mwenye viungo vizima hayumo katika hesabu hiyo. Zanzibar ilitangulia Afrika Mashariki kwa tendo la kusifiwa ilipoanza 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumwuliza alichangia nini. Na Kenya ilianza 2018 kuwalipa wazee wa umri huohuo shilingi 2,000 za kwao. Lakini lango humkataa mtu akiwa na miaka 50, na msaada humpokea akiwa na miaka 70. Katikati pana miaka 20. Nani ameieleza miaka hiyo italiwa vipi?

Sasa na tutazame upande wa juu wa ngazi, ambako umri una adabu nyingine. Katiba ya Kenya yamruhusu jaji kukaa katika kiti chake hadi miaka 70, na nadhani ni vema, maana busara ya hukumu huja polepole. Katiba ya Tanzania yamtaka mgombea wa urais awe na umri usiopungua miaka 40, lakini haikuweka ukomo wa juu. Uganda ilikuwa na ukomo wa miaka 75, na mwezi wa Desemba 2017 bunge lake likauondoa. Sibishani hapa juu ya siasa ya nchi yoyote. Nasema tu kwamba tumeamini umri hauharibu uwezo wa kuongoza mamilioni ya watu, na tumeamini pia kwamba waharibu uwezo wa kupanga tofali juu ya tofali. Imani hizi mbili haziwezi kukaa katika kichwa kimoja bila ya mmoja wao kuona haya.

Wala tusiwatazame wakubwa wa serikali tukajisahau wenyewe. Msomaji wa jarida hili aghalabu ni mtu wa chuo. Chuoni kwetu profesa aliyefika umri wa kustaafu huombwa abaki kwa mkataba, kwa hoja kwamba maarifa yake ni hazina isiyopasa kupotea, na akiondoka hupewa jina la heshima asilovuliwa tena. Mimi nimewasikiliza maprofesa wa miaka 70 na nimefaidika nao, wala sitaki mmoja wao aondoke. Lakini katika mwaka uleule tuliompigia makofi mmoja wao ukumbini, kulikuwa na jengo likiinuka nyuma ya ukumbi huo, na langoni pake kidole kiliwachagua wenye nywele nyeusi. Kelele za ujenzi zilitusumbua, tukafunga madirisha. Hakuna katika sisi aliyetoka kuuliza ni nani wanaojenga na ni nani waliokataliwa kujenga. Tumeandika insha juu ya utu, tumesoma tasnifu juu ya haki, na kuta zilizotusitiri tulipokuwa tukifanya hayo zilisimamishwa kwa utaratibu usiokuwa na utu wala haki.

Basi ni jambo gani lifanywe? Sidai maajabu. Nadai mambo manne, na yote yaanzie hapa, maana mtu anayetaka kufagia mtaa hutangulia kufagia mlango wake.

Kwanza, mkataba wowote wa ujenzi unaotolewa na chuo au na serikali umtake mkandarasi aweke daftari la vibarua, kila jina na kila siku. Makuli wa Mombasa waliandikwa kwa kalamu ya wino. Leo karibu kila kibarua ana simu mfukoni, na kumwandika ni kazi ya dakika moja. Siku zikiandikwa, miezi 180 itaweza kuhesabiwa, na siku za mwashi zitaanza kuitwa uzoefu.

Pili, anayeomba kazi ajaribiwe kwa kazi. Tofali, kamba, saa moja. Atakayeshindwa na aende zake bila ya manung'uniko, awe na mvi au asiwe nazo.

Tatu, katika kila jengo la umma watengwe mafundi wa umri mkubwa wa kuwafundisha vijana na kukagua kazi zao, walipwe ujira wa fundi na si wa huruma. Tanzania imekwisha anza kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza nje ya vyuo, na njia hiyo ipanuliwe kwa wenye mvi, ambao wana mengi ya kupimwa.

Nne, pensheni ya wazee iliyoanza Zanzibar ivuke bahari ifike Bara, na umri wake uwatazame waliofanya kazi za sulubu tangu ujanani, ambao mwili wao haukungoja miaka 70 ili uchoke.

Najua nitaambiwa kwamba haya yataongeza gharama. Yataongeza. Lakini gharama hizo zipo hata leo. Tofauti ni kwamba leo hulipwa na mtu mmoja, uani kwake, kwa kisahani cha piko na chakula alichojinyima.

Nilimwuliza jirani yangu kama piko imemsaidia. Akasema imemsaidia siku kadhaa, hasa asubuhi za mawingu. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Ifikapo alasiri katika ujenzi, alisema, vumbi la saruji huwa limewafunika wote, na kila aliyeko pale, hata kijana wa miaka 20, ana kichwa cheupe. Saa hiyo nyapara hupita akikagua, naye hana tena nywele za kutazama. Hutazama ukuta. Na kwa ukuta, alisema mwashi, hajapata kukataliwa hata siku moja.

Ninalolidai katika kurasa hizi si zaidi ya hilo: kwamba wakati wa alfajiri watu watazamwe kama wanavyotazamwa alasiri.